Wali wa Kaa Uliosubiri Dirishani

Ukishuka Malindi, usishangae kusalimiwa kwa Kiitaliano. Muuza korosho atakuambia ciao, dereva wa tuktuki atakuambia ciao, na vijana wa ufukweni watakueleza habari nzima ya safari ya mashua kwa lugha hiyo hiyo, kwa ufasaha, ilhali wengi wao hawajawahi kukanyaga Italia. Mji huu umezoea wageni tangu zamani. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na mapema katika karne hiyo hiyo ya 15 twiga kutoka Malindi alishafikishwa kwa mfalme wa China. Waitaliano wao walifuata roketi.

Miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Rome alitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia setilaiti. Dunia inavyojizungusha, ni pale ikweta ndipo inapoipa roketi msukumo mkubwa kuliko kwingine. Akapachagua Ngomeni, kaskazini ya Malindi, majukwaa ya chuma yakasimamishwa baharini, na mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu ijitawale, ikarushwa nyingine ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988, lakini Waitaliano walikwisha kuzoea Malindi. Walijenga nyumba, hoteli, mikahawa, maduka ya aiskrimu, wakafika hadi Watamu. Na kila jiko walilolifungua lilihitaji mikono. Mikono hiyo ilikuwa ya watu wa hapa, Wagiriama wengi wao, walioanza kwa kuosha sahani na kumenya thomu wakaishia kusimamia jiko zima. Hao ndio wanaowapikia Waitaliano chakula cha Kiitaliano Malindi hivi leo. Naomba msomaji ayashike hayo, maana mlo ninaousimulia uliokolewa na mmoja wao, na ukaharibiwa na watu waliokuwa nje ya jiko lake.

Nilikwenda mwezi wa Agosti na Mama Mkubwa, dada yake mama, anayekaa Mji wa Kale, Mombasa. Mimi ni wa Tanga. Nilivuka Horohoro kuja kumjulia hali, naye akataka tutoke kidogo tuone pwani ya juu, tukamchukua na mjukuu wake wa miaka tisa. Mama Mkubwa amepika pilau za harusi maisha yake yote. Akionja kitu huwa hasemi upesi; akisema, amesema.

Agosti ni mwezi wa kusi. Upepo unavuma, bahari imechafuka, na ndio mwezi Waitaliano wengi hupata likizo, kwa hiyo Malindi ilijaa. Mkahawa tuliouchagua uko karibu na bahari, paa la makuti, kuta nyeupe, tanuri la kuni uani. Tulifika mapema, magharibi imetoka kuswaliwa, na meza za mbele zinazotazama maji zilikuwa tupu zote. Kijana aliyetupokea akatupeleka pembeni kabisa, ubavuni mwa mlango wa jikoni, penye dirisha ambamo wapishi huweka sahani zilizokwisha ili wahudumu wazichukue. Nikauliza kama tunaweza kukaa mbele. Akanijibu kwa Kiingereza, ingawa nilimsalimu kwa Kiswahili na nikamuuliza kwa Kiswahili, kwamba meza zile zimeshawekewa nafasi.

Baadaye kidogo likaingia kundi la Waitaliano. Nilimsikia mhudumu akiwauliza wako wangapi na kama wameweka nafasi. Hawakuwa wameweka. Wakapelekwa mbele, wakaunganishiwa meza mbili, na mishumaa ikawashwa.

Liliniuma, na sioni haya kulisema. Tulikuwa tumevaa vizuri, tumekuja na pesa zetu, tuko pwani yetu. Nilitaka kuinuka pale pale. Mama Mkubwa akanishika mkono.

"Mwanangu, tumekuja kula. Natule kwanza, kisha tutasema."

Menyu ilikuwa kwa Kiitaliano na Kiingereza. Tulikuwa bado twaisoma ulipoletwa mkate na mafuta ya zeituni, nasi tukala, mtoto zaidi. Huko Italia ni kawaida kumtoza mgeni kiasi fulani kwa kukaa mezani na kwa mkate, na si jambo la wizi. Ila huandikwa kwenye menyu. Hapa halikuandikwa popote, wala hakuna aliyetuambia.

Nikamuuliza kijana kuhusu nguruwe na mvinyo.

"Hakuna shida, dada. Kila kitu sawa."

Hilo si jibu, na kwa mji ambao adhana husikika kila upande, mhudumu angepaswa kufundishwa jibu lake tangu siku ya kwanza. Jiko la Kiitaliano lina mvinyo mahali pengi usipopadhania. Mchuzi wa nyama ya kusaga uliochemka saa nyingi kwa kawaida una mvinyo ndani yake. Ngisi na kome humwagiwa mvinyo mweupe wakiwa kwenye kikaango. Wali wao, risotto, huanza kwa punje kukaangwa kisha kunyunyiziwa mvinyo kabla ya supu. Tambi za carbonara za Rome hutengenezwa kwa nyama ya shavu la nguruwe. Hata jibini la Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na wako Waislamu wanaotaka kujua amechinjwaje. Nikamwomba kijana aende akaulize jikoni. Alipokwenda, hakurudi yeye. Alitoka mpishi mwenyewe.

Alikuwa mtu wa makamo, aproni imeroa, taulo begani. Alimwendea Mama Mkubwa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Nimeambiwa mna swali." Akavuta kiti, hakukaa, akaegemea tu. "Nguruwe ana kikaango chake na kisu chake, hachanganywi. Divai huwa naitia kwenye ngisi na kwenye wali. Zenu sitatia. Ngisi nitawapa supu ya vichwa vya kamba na tone la ndimu. Wali nitauanza upya, lakini mtanisubiri, si wa haraka ule."

Basi. Kwa maneno machache mtu yule aliondoa wasiwasi wote uliokuwa mezani. Tukaagiza spageti za ngisi za kula pamoja, wali wa kaa wa Mama Mkubwa, na piza ya mtoto.

Spageti zilitangulia, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sijapata kula za namna ile mahali pengine. Sisi wa pwani twazijua tambi tangu utoto: zinavunjwavunjwa, zinakaangwa hadi ziwe na rangi ya dhahabu, zinapikwa kwa sukari, tui, iliki na zabibu, na Ramadhani haiishi bila hizo. Tunazitaka ziwe laini. Mwitaliano anataka kinyume. Anazitoa majini zikiwa bado na ukakamavu kidogo katikati, meno yapate kazi. Zinavumilia kwa sababu ya ngano yenyewe, ile ngumu, ya rangi ya kaharabu, ambayo kwa sheria ya Italia tangu mwaka 1967 ndiyo pekee inayoruhusiwa kutengenezea tambi kavu. Ngano laini ya chapati ingelegea zamani.

Lakini ufundi wa yule mzee ulikuwa kwenye mchuzi. Sahani nyingi za spageti nilizokula mijini huja na tambi nyeupe chini na mchuzi umemwagwa juu, ukifika katikati unakuta maji. Hizi kila uzi ulikuwa umevikwa. Kwa kuwa tulikaa mlangoni nilimwona akifanya: alizitoa sufuriani kabla hazijaiva sawasawa, akazihamishia kwenye kikaango chenye thomu, pilipili na ile supu ya kamba, akachota upawa wa maji yaliyochemshia tambi akamwaga humo humo, akawa anazirusha na kuzigeuza juu ya moto mkali. Maji yale yana wanga, na wanga ukikutana na mafuta katika mrusho ule huyashika, mchuzi ukawa mzito bila unga wala krimu. Ngisi aliwatia mwishoni kabisa, wamekatwa vipande vyembamba. Ngisi ana milango miwili tu: moto mfupi sana au moto mrefu sana, ukimwacha katikati ya hapo anakuwa mgumu. Hawa walikuwa laini, watamu, bado wananukia bahari.

Mhudumu alikuja na jibini la kukwaruza. Mpishi akamwita kutoka dirishani: "Si kwenye samaki!" Ndivyo wanavyoshika wengi Italia, na kwa ngisi wale jibini lingekuwa dhuluma. Mama Mkubwa akaomba ndimu na pilipili mbichi, na kwa hayo mpishi hakuwa na kizuizi, alimletea mwenyewe. Bibi akala kimya. Mwisho akasema Wasomali majirani zake Mombasa humletea pasta na ndizi mbivu pembeni, nazo huzipenda, na wao walizipata kwa Waitaliano waliowatawala. Lakini hizi za hapa, akasema, zimepikwa na mtu mwenye mkono. Kwa Mama Mkubwa hiyo ni shahada.

Piza ilikuwa nzuri, na mtoto aliimaliza. Tanuri lilikokwa kwa kuni za mvinje, moto wake mkali, na piza haikukaa humo hata dakika mbili. Pembeni ilifura na kuungua madoa madoa, ndivyo inavyotakiwa. Mama Mkubwa aliokota jani la mrehani juu yake, akalinusa, akaliweka puani muda mrefu. Mrehani kwetu ni wa kikuba, pamoja na asumini, na yeye hajawahi kuuona juu ya nyanya. Hakuula. Aliufungia kwenye leso yake.

Wali sasa.

Risotto si pilau, na asiyejua hilo atalaumu bure. Pilau na wali wetu twazitaka punje zichambuke. Wao huchagua mchele mfupi, mnene, wenye wanga mwingi, wakautilia supu kidogo kidogo huku wakikoroga, hata wanga utoke na kufanya urojo, lakini kiini cha punje kibaki kimesimama. Ukiumimina sahanini unatakiwa utambae taratibu. Na ukishaiva haungoji mtu. Joto lake lenyewe linaendelea kuupika, wanga unaganda, na dakika chache tu zinatosha kuugeuza kitu kingine.

Nilimwona mpishi akiupika. Nilimwona akiukoroga, akiuonja, akiuongezea supu, akiutilia nyama ya kaa mwishoni. Aliumimina, ukatambaa vizuri sahanini, akauweka dirishani na kugonga kengele. Wahudumu walikuwa watatu. Wote watatu walikuwa mbele, kwenye zile meza zilizounganishwa: mmoja anafungua chupa, mmoja anaandika, mmoja anacheka na wageni kwa Kiitaliano chake kizuri. Mpishi akagonga tena. Nikamwashiria kijana wetu kwa mkono. Akaniashiria kwamba anakuja, akapita na kikapu cha mkate kuelekea mbele. Sahani ilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Niliinuka kuichukua mwenyewe, na mhudumu mwingine akanizuia, akasema hairuhusiwi, ataileta sasa hivi. Akaenda mbele.

Ulipofika ulikuwa umeganda. Ulikaa sahanini umekusanyika, juu umefanya ngozi. Mama Mkubwa aliuchota, akauonja, akaweka kijiko chini.

"Hii ni bokoboko, mwanangu. Na hata bokoboko hupakuliwa ya moto."

Alikuwa na haki. Utamu wa kaa ulikuwepo, nadhani ni kaa wa mikoko ya Mida, maana nyama yao ni tamu namna hiyo. Supu ilikuwa na kina. Chumvi iko mahali pake. Kazi yote ya jikoni ilikuwamo sahanini, na haikulika. Mpishi alikuwa ametazama kila kitu kutoka dirishani. Uso wake sikuupenda kuutazama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile meza ya pembeni haikuwa suala la heshima tu. Watu husema, mradi chakula ni kizuri, mengine yavumilie. Hayavumiliki, kwa sababu yanaingia mpaka chunguni. Mkahawa uliojizoesha kuwatazama wageni wa aina moja huacha chakula cha wengine kipoe, na anayepoteza si mlaji peke yake. Ni fundi aliyesimama motoni tangu alasiri. Mwenyeji anadharauliwa mara mbili, mezani na jikoni. Nilipotazama ukutani nikaona picha nyingi za mwenye mkahawa, za jamaa zake, za wageni wakiwa na samaki wakubwa, za timu za mpira za kwao. Ya mpishi haikuwapo hata moja.

Mpishi alitoka tena baadaye, kazi ilipopungua, kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mama Mkubwa hakumruhusu amalize. Alimuuliza amejifunzia wapi. Akasema alianza akiwa kijana kama mtunza bustani kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kiitaliano. Bibi akaugua mguu, akawa anakaa kwenye kiti jikoni na kumwelekeza nini atie na lini. Miaka ikapita hivyo. Hajaenda Italia.

"Na kwako nyumbani wapika hizi hizi?"

Akacheka. Nyumbani, akasema, spageti huzipika kwa nazi. Thomu na nyanya moja tu isiyoiva sana, kamba, tui jepesi lichemke nao, spageti zimalizikie humo, kisha moto unazimwa ndipo tui zito linatiwa na ndimu inakamuliwa. Watoto wake hawataki za aina nyingine.

"Mbona hazimo kwenye orodha?"

"Tajiri hataki, mama. Asema wageni wanakuja kula vya Italia."

Bili ilipokuja ilikuwa na wali, na ilikuwa na ule mkate, kwa vichwa vitatu. Nikaomba kuonana na mwenye mkahawa. Alikuja, mama wa Kiitaliano aliyekaa Malindi miaka mingi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi ya watu wa bara, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nilimweleza habari ya meza kwanza. Akasema zile ni za wateja wa kila mwaka. Nikamwambia nilimsikia mhudumu wake akiwauliza kama wameweka nafasi, na hawakuwa wameweka. Akanyamaza, akamwita kijana, wakasemezana. Wali akaufuta kwenye bili. Mkate hakuufuta, alisema ni desturi. Nikamwomba basi desturi hiyo aiandike, na kwa Kiswahili pia, akaitikia kwa kichwa.

Habari ya spageti za nazi ndiyo tuliyobishana, kwa wema. Alishikilia kwamba hicho ni chakula cha nyumbani, si cha mkahawa. Nami nasema hivi, na nilimwambia: chakula cha Kiitaliano chote ni cha nyumbani kwa mtu. Genova wanasaga mrehani kwa sababu mrehani unawaotea. Napoli wanajivunia nyanya, na nyanya yenyewe ilitoka Amerika, haikuwa ya kwao. Kila bandari ya Italia hupika tambi kwa kile bahari yake na mashamba yake yanachotoa. Malindi inatoa kamba, ndimu na nazi, na ina watu waliopika tambi kwa zaidi ya nusu karne. Kumkataza mpishi wa Malindi asitie nazi ni kumnyima ruhusa ambayo kila mpishi wa Italia amejipa mwenyewe. Akasema atafikiri. Sikuona kama ananipuuza.

Kwa atakayepita Malindi na akauona mkahawa wa namna hii, karibu na bahari, tanuri uani: weka nafasi kwa simu hata kama mnajiona mmewahi, na utaje kwamba mnataka meza ya mbele. Uliza mvinyo na nguruwe, na usikubali "hakuna shida". Taka jibu la jikoni. Uliza mkate ni bei gani kabla hujaumega. Agiza spageti za ngisi na piza. Wali wa kaa uagize siku isiyo na watu wengi, au usiuagize. Na ukimwona mpishi, msalimu, umwambie unataka zile anazowapikia wanawe. Wakiulizia wengi, tajiri atazitia kwenye menyu.